Mama Mwenye Alitangulia Bazungu

Kama kuko harufu yenye inaweza kunirudisha mutoto wa myaka saba, ni ile ya taa ya petroli yenye inaunguza vumbi ku kioo chake. Bengine banakumbuka utoto na harufu ya mandazi, ama ya maua. Miye Mungu aliangalia mu kabati yake, akaona kumebakia petroli tu, akanipatia.

Ilinirudilia juzi, pa kilio cha Mama Mbombo, mwenye alinikomalisha, alinilea. Courant ya umeme ilikatika, sawa kawaida. Siye batu ba Kolwezi, barrage ya Nzilo, yenye inatoa courant, iko hapa pa mulango, na kila siku tunaiangalia courant inapita juu ya kichwa yetu ku waya, inaenda kusalimia bengine. Basi mutoto moya akaokota taa ya zamani nyuma ya kabati, akaiwasha bila kuipanguza. Vumbi ikaanza kuungua. Batu bote balikuwa banalia Mama Mbombo. Na miye nikaanza kulia sana, mupaka bakaniletea mayi, lakini yeye nilikuwa nimemaliza kumulia tangu mangaribi. Nilikuwa nalia mutu mwingine, mwenye sikumuliaka saa yake, juu hakuna mutu aliniambia kama alikufa.

Ninyi benye myaka yangu munajua namuna ilikuwa. Lufu haikuwa maneno ya batoto. Mutoto alikuwa anaambiwa kufagia, kuchota mayi, kunyamaza. Kufa, hapana.

Tulikuwa tunaikala Kapata, mu nyumba za kompani, zote sawa sawa, mulango sawa, dirisha sawa, zimepangwa ligne nyuma ya ligne. Tata, baba yangu, alikuwa anatumika mu mine ya shaba, anarudi na vumbi mupaka ku kope za macho. Balitoka Kasai, yeye na Mama, balikuya na ile treni yenye ilileta batu ba kazi. Nyumba zile zilikuwa sawa sana mupaka miye mara mbili niliingia kwa batu, nikaikala, nikanawa mikono, nikakula bukari yao ya bunga na sombe yao ya majani ya mihogo, kisha nikainua macho nikaona: eh, huyu mama si wangu. Bakacheka sana. Ile tabia ya kukosea mama nilikuwa nayo zamani, mutaniona mbele.

Mama alikuwa na tumbo kubwa. Asubui yenye alienda ku hopitali, Mama Kapinga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alimusuka nywele mistari mbili tu, moya huku, moya huku, juu mwanamuke anaenda kuzaa, nywele isimusumbue. Mama alisimama pa mulango, akanyoosha mukono, ule ule mukono wenye alikuwa ananitumaka nao kununua chumvi.

"Ngalula, enda kule kwa Mama Kapinga. Utaikala kwake mupaka nirudi."

Niliangalia mukono, sikumuangalia yeye. Mutoto mwenye kutumwa anaangaliaka fasi yenye anatumwa. Mupaka leo, nikifunga macho, uso yake inapotea potea, lakini mukono iko pale, na kidole, na kikuku cha shaba.

Mama Kapinga hakuniikalisha kwake. Siku ya pili akanipeleka kwa dada yake, ku mwisho wa cité, ule mutaa wetu, pembeni ya majani. Nilibakia kule juma muzima. Siku moya upepo ukaleta sauti za batu bengi.

"Ni nini kule?"

"Ni batu ba kusali. Kula mihogo yako."

Nikakula mihogo yangu. Miye mutu akinipatia chakula, siulizaka mara mbili. Ni ugonjwa.

Nikarudi nyumbani. Tata alikuwa amenyolewa kichwa yote, inangaa sawa sufuria mupya. Nikacheka mupaka nikajishika tumbo.

"Tata! Ni chawa?"

Akaniangalia murefu. Kisha akaweka mukono ku kile kichwa.

"Eee, mama," akasema. "Ni chawa."

Chungu kubwa ya Mama ilikuwa imepinduliwa, mudomo chini. Nikaona: panya zisiingie. Siku ya posho, pale kompani ilikuwa inagawa bunga na samaki ya kukausha na mafuta ya mawese, mufuko wetu ukakuya mudogo. Nikasema kwa sauti, mbele ya batu, juu miye nilikuwa mwerevu: "Banapunguza juu Mama anakula kule kwenye eko." Mama Kapinga akaanza kukohoa, lakini hakuwa na kikohozi.

"Mama iko wapi?"

"Alisafiri," Tata akasema.

"Na mutoto?"

"Na mutoto."

"Wapi?"

Tata akaangalia ukuta, sawa vile jibu iliandikwa pale. Mama Kapinga njo akanyoosha mudomo, ile namuna yetu ya kuonyesha fasi bila kuchafua kidole, upande wa njia ya treni. "Kule. Mbali."

Basi. Alisafiri, na treni, na mutoto. Nilikuwa na yote yenye nilitafuta. Yenye nilikosa ni siku ya kurudi tu.

Masomo tulikuwa tunasoma kwa ba misioni. Miye na masomo hatukusikilizana sana. Mu mwaka wa ine hesabu ilinifukuza, na mupaka leo hatujasalimiana. Lakini mule mu mwaka wa kwanza nilikuwa nasikiliza sana, juu kulikuwa Mama Malineti. Alikuwa muzungu wa Amerika, murefu, mukondefu, na malineti yenye vioo binene mupaka macho yake ilionekana sawa ya samaki. Français yake ilikuwa mubaya sawa yetu, njo maana tulimupenda. Kiswahili yake ilikuwa inaishia ku "jambo" na "kaa chini". Bengine yote Moniteur Zakaria, mwalimu wetu, alikuwa anageuza mu Kiswahili, na pale hakusikia, alikuwa anaongeza yake.

Siku moya, kisha saa sita, balitundika mablanketi ku madirisha, ndani ikakuwa giza, na drap nyeupe, shuka ya kitanda, ku ukuta. Mama Malineti akaleta sanduku ya chuma yenye taa ya petroli ndani na bomba juu. Akaiwasha. Vumbi ikaanza kuungua, harufu ikatushika mu pua. Kisha ku drap kukatokea muti, mukubwa, wa rangi, na batoto ba nyuma bakaanza kulia juu balifikiri ukuta imepasuka.

Moniteur akasema: "Mama anataka kubaonyesha bankambo ba kwao. Bale benye baliingia mu pori ya Amerika zamani, kujenga miji."

Picha ya kwanza: nyumba ya miti, miti mizima imelaliana, hakuna mabati. Mbele yake muzungu mwanamuke, mikono ya nguo imekunjwa, anatwanga.

"Anatwanga nini?" mutoto moya akalomba.

"Mahindi."

"Banakula bukari?"

Moniteur akafikiri kidogo. "Bukari," akasema, bila kuuliza.

"Na boy yake wa kazi iko wapi?"

"Hakuna boy."

"Alimufukuza?"

"Hakuna boy, nasema! Mayi anachota mwenyewe, kuni anapasua mwenyewe. Munyamaze!"

Tukanyamaza kweli. Balitufundishaka kama Yesu alitembea juu ya mayi, tukakubali bila shida. Lakini muzungu mwanamuke kuchota mayi na kichwa yake mwenyewe! Mukubwa moya ku mbele, Kabeya, akageuka akatuambia pole pole: "Banadanganya."

Kukakuya magari ya mbao yenye kufunikwa na nguo nyeupe, ngombe banavuta. Kukakuya mwanaume mwenye kofia ya ngozi, mukia wa nyama unaning'inia nyuma ku shingo. Bengine bakasema ni chifu, bengine mulozi. Kukakuya muzee mwenye ndevu, miguu bila bilatu, sufuria juu ya kichwa sawa kofia, anatembea nchi nzima anapanda miti ya matunda, na halombi kitu ku mutu. Kabeya akasema ule anamujua, anaikalaka pa soko. Hata Moniteur alicheka. Miye pia nilicheka, nilikuwa nacheka bado wakati Mama Malineti alibadilisha kioo cha picha.

Muto mukubwa, na milima nyuma. Bazungu sita ama saba na bunduki, banachoka, nguo imepasuka. Na mbele yao, mbele kabisa, mwanamuke. Rangi yake haikuwa ya muzungu. Nywele mistari mbili, moya huku, moya huku. Ku mugongo mutoto amefungwa, kichwa tu inatoka. Uso yake aliigeuza upande ule, anaangalia mbali. Na mukono amenyoosha.

Ule mukono.

Darasa nzima ikasema "Eh!" juu ya kitu kingine. Hakuna mutu mu Kapata alikuwa ameona mama mwenye mutoto ku mugongo anatangulia bazungu; siye tulijua kupita pembeni ya njia na kungojea bapite. Lakini miye sikusema "Eh".

Moniteur akasema: "Huyu mama, bazungu hawakujua njia. Yeye njo alibaonyesha, mupaka ku bahari kubwa. Na mutoto wake alikuwa wa kuzaliwa juzi tu."

Wa kuzaliwa juzi tu. Basi, mutu atafute nini tena? Nywele ya Mama Kapinga, mukono wa chumvi, mutoto wa juzi. Kikuku sikukiona, lakini pengine bazungu balimukataza. Nikanyoosha kidole, miye mwenye sikunyooshaka kidole hata nikitaka kuenda kukojoa.

"Alirudi?"

Moniteur akageuza maneno. Mama Malineti akanitafuta mu giza na macho yake ya samaki, akacheka muzuri. Akajibu murefu.

"Mama anasema: eee. Alifika ku bahari, kisha akarudi, na mutoto wake muzima ku mugongo."

"Bahari iko upande gani?"

Mama Malineti akaonyesha upande wenye jua inalala. Upande wa Dilolo. Na hata mutoto wa kunyonya mu Kapata alijua treni ya Dilolo inaingia Angola, inaenda, inaenda, mupaka mayi ya chumvi.

Mutaniuliza: Ngalula, hakusema ni zamani? Alisema. Lakini mutoto wa myaka saba, zamani yake ni nini? Zamani ni mbele ya mvua. Na Mama alienda mbele ya mvua.

Mangaribi ile Tata alikuwa anakula. Nikamungojea amege bukari mara mbili, juu habari muzuri haipashwi ku tumbo mutupu.

"Tata, nilimuona Mama."

Mukono yake ikasimama mu sahani.

"Wapi?"

"Kwa Mama Malineti, ku ukuta. Anaonyesha bazungu njia ya bahari. Mutoto alimufunga ku mugongo. Hana chakula muzuri, anakonda kidogo, lakini anatembea mbele yao. Mama Malineti anasema alisha kufika, na atarudi."

Tata akasukuma sahani. Akanawa mikono na bukari ilikuwa ingali nusu. Kuacha bukari nusu, ku nyumba yetu, ilikuwa kitu sijaona. Akatoka inje. Nikamusikia Mama Kapinga, sauti chini:

"Tata Ngalula, umuambie. Huyu mutoto ataharibika."

"Namuna gani nimuambie? Bakwabo hawajafika. Miye nafungua mudomo mbele yao?"

Ile nilikuya kuifahamu nikiwa mukubwa. Kwetu, bibi akifa, bwana hana neno. Bakwabo, ndugu za bibi, njo benye lufu. Mupaka bafike, bakuangalie macho, bakulombe "mutoto wetu ulimuweka wapi", weye unabakia sawa mutu mwenye kesi, na kinywa imefungwa. Na Kasai ilikuwa mbali. Barua ilienda pole pole, bakajibu pole pole. Tata alikuwa na ile kitu mu koo miezi mingi, anaenda mu mine nayo, anarudi nayo. Na miye kila mangaribi nilikuwa namuletea habari za bahari.

Kisha nikasikia anamuambia Mama Kapinga: "Banafika na treni, siku ya tano." Nikaruka ruka mu nyumba sawa mbuzi. Nikaomba kuenda ku gare kupokea treni. Nilifikiri atakatala. Akaniangalia, akasema: "Vaa bilatu."

Tulitembea tangu Kapata mupaka Kolwezi, Tata mbele, miye nyuma. Bilatu ilikuwa inanibana, mudogo sana, lakini mutu hapokei mama yake miguu wazi. Pa gare nikasimama nikaangalia Dilolo. Batu bote balisimama banaangalia upande mwingine, wa Tenke, nikabahurumia, bajinga.

"Ngalula," Tata akasema. "Geuka. Inatoka huku."

Nikashituka. Kuenda na Dilolo, kurudi na Tenke? Kisha nikakumbuka. Moniteur Zakaria alituonyeshaka chungwa, akasema dunia iko vile: mutu akienda mbele, mbele, bila kugeuka, atarudi kwake na mulango wa nyuma. Eh, Mama! Alizunguka chungwa yote! Nilisikia kiburi mupaka machozi ikatoka. Nataka kubaambia, kati ya masomo yote yenye nilisoma, hii moya njo niliifahamu bila mutu kunipiga.

Treni ikafika, na moshi. Bazee babili bakashuka kwanza, kichwa ya kunyolewa. Nikaona, haya, chawa iko na Kasai pia. Nyuma yao mabibi bazee na bifurushi. Kisha akashuka mwanamuke. Paji ya uso ile ile. Shingo ile ile. Ile namuna ya kuweka muguu chini kwanza pole, sawa anapima kama udongo itamubeba.

Nilikimbia. "Mama! Mama!"

Akasimama. Akaniangalia.

"Eee, mwana," akajibu.

Mabibi bazee bakapasuka na kilio, bakaangusha bifurushi, bakaangukia Tata, bakalia jina la Mama. Nikafikiri: furaha. Batu bazima banaliaka juu ya furaha, nilionaka ku harusi. Nikamushika huyu mwanamuke mukono.

"Bazungu ulibaacha wapi?"

"Bazungu gani, mwana?"

Nikazunguka nyuma yake. Hapo njo nilifanya kitu ya kwanza ya akili mu maisha yangu yote: nikaangalia mugongo. Hakukuwa kitu. Kitenge tu, imefungwa tupu.

"Na mutoto?"

Kilio ikakatika pale pale. Moya wa bazee akaangalia chini. Tata akafungua mudomo, akaifunga. Batu bote bale bakubwa, na ndevu zao na desturi zao, balisimama pa gare sawa mbuzi zenye kunyeshewa.

Huyu mwanamuke njo akaweka kifurushi chake chini. Akafungua kitenge. Akachuchumaa, mugongo kwangu.

"Kuya. Panda."

"Miye niko mukubwa."

"Panda, nasema."

Nikapanda. Akanifunga, akakaza fundo ku kifua, akasimama na nguvu. Miguu yangu ilikuwa inaning'inia mupaka karibu na magoti yake, na bile bilatu binamupiga piga. Mwanaume moya mwenye kusukuma mizigo akacheka: "Mama! Huyu mutoto wako iko na meno yote!"

"Na yako nitaitoa moya moya," akamujibu. "Sukuma mizigo yako."

Nikaweka uso ku mugongo. Mama yangu alikuwa ananuka sabuni ya posho na moshi ya kuni. Huyu alinuka makaa ya treni, na jasho ya siku mingi, na mafuta yenye siijui. Nikanusa tena, fasi ingine, karibu na shingo. Nikanusa ku bega. Kichwa ya Tata, chungu mudomo chini, mufuko wa posho, Mama Kapinga mwenye kukohoa: yote ikakuya ikajipanga, moya nyuma ya ingine, ligne nyuma ya ligne, sawa nyumba za Kapata. Sikulia. Nilisikia haya tu. Miezi mingi nilikuwa ninamupasha Tata habari.

Tulisha kupita gare. Nikamuambia mu sikio: "Weye si Mama."

"Mi niko mudogo wake. Mbombo. Balinituma."

"Mama atarudi?"

Akatembea. Nilihesabu hatua zake, na munajua miye na hesabu. Nilifika kumi na tatu, nikapotea.

"Hapana," akasema.

Hakuna mutu mwingine aliniambia ile neno, hata kisha. Tata alikufa bila kuitamka. Na Mama Malineti, masikini, nikikutana naye mu cour, ku kiwanja ya masomo, alikuwa anacheka kwangu muzuri, anafikiri nilipenda historia ya kwao. Ule mwanamuke wa ku drap, natumaini kweli alirudi. Simukasirikii. Yeye alikuwa na mutoto wake ku mugongo na hakujua kama ku Kapata kuko mupumbavu moya mwenye kumungojea.

Juzi pa kilio, mjukuu wa mutu akanilomba kama Mama Mbombo alikuwa mama yangu wa kuzaa. Taa ilikuwa inanuka, mayi yenye baliniletea ilikuwa mu mukono. Nikamuambia aende azime ile taa, tutalia mu giza.

Toka gare mupaka Kapata ni mbali, benye balitembeaka ile njia banajua. Siku ile jua ilikuwa kali, na Mama Mbombo alikuwa ameikala mu treni siku ngapi, sijui. Mara tatu Tata alimuambia anishushe, nitembee, niko mukubwa.

Hakunishusha.